Sauti ya Mnazini

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Chengo alimsimamisha mwanawe mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu na kumwamuru afungue kinywa. Mkono mmoja ulishika tochi ya simu, mkono wa pili kijiko cha kukandamizia ulimi.

"Sema aaa."

Kijana alisema aaa, na hiyo aaa ikaanza kwa sauti ya mtoto, ikapasuka katikati, ikaishia chini kama mlango usiotiwa mafuta. Chengo alichungulia mpaka pua yake ikakaribia kuingia. Hakuona kitu. Angeona nini, naye ni mfuga kaa? Lakini kutoona kitu hakukumpa raha hata kidogo. Mwenye hofu akikosa anachokitafuta, husema kimejificha.

"Kaa akijivua gamba," mkewe Gladys alimpigia kelele kutoka jikoni, "unamwachia mwenyewe, hata kivuli chako hutaki kimguse. Mwanao wa kumzaa unamtia kijiko kooni kila kukicha! Mwache mtoto anywe chai aende shule."

Ilikuwa kweli. Kule kwenye mikoko ya Dabaso, ambako alinenepesha kaa vizimbani na kuwauza kwenye mahoteli ya Watamu, Chengo alisifiwa kwa subira. Kaa aliyevua gamba huwa laini, na ukimshikashika anakufa. Chengo alijua kukaa mbali akangoja. Subira yote hiyo aliiacha hukohuko matopeni. Akifika nyumbani alikuwa mtu mwingine.

Wala hakuwa mjinga. Mwanawe alikuwa gredi ya nane. Suruali aliyonunuliwa Krismasi ilikuwa imeshapanda juu ya vifundo vya miguu, na fulana zake zilikuwa zimeanza kunuka kikubwa. Majirani waliomsikia akikwaruza walicheka wakasema, "Mtoto anabaleghe huyo, Chengo. Andaa mahari." Chengo naye aliwahi kubaleghe, alijua kwamba sauti hukwaruza. Ila alijua na jambo jingine. Baba yake alipoanza kukwaruza, majirani haohao walicheka wakasema ni mafua tu.

Huyo baba yake alikuwa mzee Ziro, mgema wa tembo. Mabafu mengi ya Dabaso enzi zake yalikuwa ya makuti, hayana paa, na mtu aliye juu ya mnazi huona mpaka ndani. Kwa hiyo ni desturi: anayepanda hupiga ukelele kwanza, aliye bafuni apate kujistiri. Kila mgema alikuwa na ukelele wake, na wa mzee Ziro ulishinda yote. "Mnazini kuna mtuuu!" Watu wa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, walikuwa wakijistiri bure. Na mkewe, bibi Kadzo, popote alipokuwa, hata akiwa jikoni na nguo zake zote mwilini, alimjibu papo hapo: "Tazama nazi wewe, usitazame watu!" Watu waliungoja mjibizano huo kila jioni kama wanavyongoja taarifa ya habari.

Kisha yakaja hayo mafua, na mafua hayakuisha. Shingoni pakatoka kivimbe. Walipomfikisha hospitali kubwa, saratani ilikuwa imeshakula koo. Sauti ndiyo iliyotangulia kwenda, mwenyewe akabaki. Aliendelea kugema, maana alikuwa mbishi, na kwa kuwa hakuweza kupiga ukelele aligonga shina la mnazi kwa mgongo wa kotama, kile kisu chake cha kugemea: ko, ko, ko. Wanawake walijistiri, na wengine walilia huko huko bafuni.

Siku ya mwisho alimwita Chengo kwa kidole. Midomo ikacheza. Chengo akainama, akategesha sikio mpaka likagusa ndevu za mzee, akasikia pumzi tu. Neno lile mzee alizikwa nalo.

Na lililomuuma Chengo zaidi ni kwamba hakuna aliyewahi kuirekodi sauti ile ilipokuwa nzima. Nani angefikiri kurekodi kitu kinachokupigia kelele kila siku? Miaka ilivyokwenda, alijaribu kuikumbuka akashindwa. Akimtafuta baba yake moyoni, kilichokuja ni ko, ko, ko.

Sasa, kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Ndiyo maana mvulana huyu naye aliitwa Ziro: Ziro wa Chengo wa Ziro. Na mtoto wa namna hiyo baba yake humwita "baba", maana huyo ni mzee wake aliyerudi. Chengo alimwita hivyo tangu yuko kwenye nepi. "Gladys, baba amejikojolea!" Wageni kutoka bara waliosikia maneno hayo walimtazama kwa huruma kubwa.

Jina lilelile, na sasa koo lilelile, hata shingoni mwa kijana palianza kutokeza kitu kigumu. Hapo ndipo akili ya Chengo iliponasa.

Pengine angejituliza, kama si siku ile ya madafu. Ziro alikuwa juu ya mnazi wa nyuma ya nyumba. Mguu mmoja ulipoponyoka kwenye kidato, lile tundu lililokatwa shinani la kukanyagia, alilikumbatia shina kwa nguvu. Hakuanguka. Lakini alitoa mguno wa mtu aliyechomwa, akashuka ameshika kifua, na alipoulizwa alisema si kitu. Chengo hakutaka tena kusikia "si kitu" maishani mwake. Alimbana mpaka kijana, uso chini, akaeleza kwamba chini ya chuchu ya kushoto pana kitu kama kokwa, kinauma hata shati likigusa, na kimekuwapo tangu kabla ya likizo.

"Tangu kabla ya likizo, na hukusema?"

"Niliona haya, baba."

Usiku ule Chengo hakugusa chakula. Kooni, kisha kifuani. Ugonjwa ulikuwa unashuka.

Asubuhi alimfuata baba mdogo wake, mzee Fondo. Chengo ni Mkristo wa Jumapili, mwanakwaya hasa, na sauti ya pili hakuna anayemfikia. Lakini siku nyingine sita hakatai msaada wa mtu. Fondo alikuja na kibuyu, akachutama mbele ya koma, vile vijiti vya kumbukumbu ya wazee vilivyosimikwa ukingoni mwa shamba, akamimina tembo kidogo na kusema na marehemu kaka yake kwa upole kama watu wawili walioketi kibarazani. Alipomaliza alifuta mikono. "Ana kiu tu. Hana ubaya na mtoto. Nawe mpeleke hospitali."

Maneno mazuri kabisa, na Chengo angeyachukua yalivyo. Lakini hofu ni fundi, haiachi kitu bila kukiongezea. Njiani kurudi alijiuliza: kama mzee ana kiu, anamjuaje wa kumshika? Kwa jina. Na nani anayelitangaza jina hilo asubuhi na jioni? Alipofika nyumbani aliwakusanya wote akatoa amri. Kuanzia leo hakuna Ziro humu ndani. Mtoto ana jina la ubatizo, na hilo ndilo atakaloitwa.

Jina lenyewe lilikuwa Marvin. Lilikuwa limelala kwenye cheti cha kuzaliwa na daftari la shule, na nyumbani hakuna aliyewahi kuliamsha.

"Marvin!" Chengo aliita jioni ile. Kijana aliendelea kuchanja kuni. "Marvin!" Kijana akageuka nyuma kutazama kama kuna mgeni.

Bibi Kadzo alikataa katakata. "Simjui mimi Marvin. Ni mtalii? Kama ni mtalii, mwambieni chumba hakuna." Na akaendelea kumwita mjukuu wake "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu, na Chengo hakuwa na sheria ya kulizuia hilo.

Lakini kijana mwenyewe hakucheka. Alipigwa marufuku kupanda minazi. Alichunguzwa kinywa kila asubuhi. Kila alipozungumza, na sauti ikapasuka, alimwona baba yake akikunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba. Basi akaacha kuzungumza. Alijibu kwa kichwa. Alivaa sweta kuficha kifua katika jua la kaskazi, Malindi nzima ikitoka jasho. Na lile neno "baba", ambalo alilisikia kabla hajajua kutembea, halikumfikia tena. Kwa muda mrefu nyumba ile haikuwa na raha.

"Umeogopa mtoto asipoteze sauti," Gladys alimwambia mumewe. "Tazama sasa. Umeichukua wewe."

Kesho yake wakaenda Malindi.

Daktari aliitwa Nalini, mwanamke wa makamo mzaliwa wa mji ule, na Kiswahili chake kilimfanya Chengo akae wima.

"Shikamoo, daktari," alisema kijana kwa kunong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

Kijana alimtazama baba yake.

"Marvin," alisema Chengo.

Daktari aliwatazama wote wawili. Chengo akamwaga yote: mzee Ziro, mafua yasiyo mafua, shingo, kotama ikigonga, kisha mtoto, koo, kifua. Hakuwa amepanga kulia, na hakulia, ila sauti yake mwenyewe ilikwaruza kuliko ya mwanawe.

"Anakula?" aliuliza daktari.

"Kula? Jana amemaliza sima ya watu wazima wawili, kisha akauliza kama kuna kiporo."

"Anameza bila taabu? Amekonda? Homa?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

Daktari alimgeukia kijana. "Nitakushika shingo na kifua. Naomba ruhusa yako wewe, si ya baba." Kijana akatikisa kichwa kukubali. Daktari alimpapasa shingo, akammulika koo, akambonyeza kifua taratibu kwa vidole viwili huku akimuuliza wapi panauma. Chengo aliutazama uso wa yule mama kama mtu anayengoja hukumu. Uso haukubadilika. Hilo nalo likamtisha.

"Uvimbe huu huwapata vijana wengi mno wakibaleghe," alisema daktari hatimaye. "Mwili unajipanga upya, na homoni hazifiki zote kwa mstari. Huuma ukigongwa. Kisha huondoka wenyewe, pengine mwaka, pengine miwili. Usikandwe, usichuliwe. Ukizidi kukua, ukawa mgumu kama jiwe au ukatoa majimaji, mrudishe kwangu."

"Na kile cha shingoni?"

"Hebu jishike shingo yako, mzee Chengo. Juu kidogo. Haya, meza mate."

Chengo akameza. Kitu kigumu kikapanda chini ya vidole vyake, kikashuka. Alikuwa amenyoa ndevu juu yake kwa zaidi ya miaka ishirini, wala hajawahi kukisalimu.

"Kikoromeo," alisema daktari. "Unacho wewe, alikuwa nacho baba yako, na sasa mwanao anakipata chake. Ndani yake ndimo inamokaa sauti. Kinapanuka haraka, na nyuzi zake zinarefuka na kuwa nene, mtoto anaamka kila siku na koo asilolizoea. Anajifunza upya kusema. Siku moja itatulia." Akaandika kidogo. "Mzee alikuwa akivuta?"

"Sigara. Na ugoro juu yake."

"Basi maradhi yake yalikuwa na njia yake. Hayafuati jina. Na umefanya vyema kumleta, nisingependa urudi nyumbani ukijiona mjinga. Sauti ya mzee ikikwaruza wiki baada ya wiki, hiyo si ya kusubiri hata kidogo. Ya mvulana wa umri huu ndiyo maumbile." Kisha akaweka kalamu chini. "Na wewe kijana? Baba amesema hofu yake. Yako ni ipi?"

Kijana aliitazama sakafu. Sauti ikatoka nzito, ikapanda, ikapasuka, lakini safari hii hakuimeza.

"Nataka kujua nimekosa nini hata nikanyang'anywa jina."

Chengo alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu, na alistahili. Siku zote hizo alidhani anamkinga mtoto. Kumbe mtoto alidhani anafukuzwa.

"Sikukunyang'anya," alisema. "Nililificha. Niliogopa utaitwa na waliotangulia ukaenda." Akakohoa. "Hukukosa kitu, Ziro."

Ziro. Alilitamka pale pale, mbele ya daktari, na paa halikuanguka. Walipotoka walikunywa sharubati ya ukwaju mjini, kijana akanywa bilauri ya pili na ya baba yake pia.

Tangu siku ile kijiko kilirudi kwenye sukari. Ziro akawa Ziro, na bibi Kadzo akatangaza kwamba yule mtalii amelipia chumba na kuondoka. Lakini "baba" halikurudi. Chengo alijaribu. Alilifikisha mpaka kwenye meno, na kila mara, kabla halijatoka, alisikia ko, ko, ko, akafunga mdomo. Moyo wa mzazi haupokei cheti cha daktari siku hiyohiyo. Ziro alilingoja, asidai, na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Mvua za mwaka zikaja zikapita. Ile kokwa ya kifuani ikanywea kidogo, na sauti ya Ziro ikaendelea na vituko vyake, asubuhi nene, mchana filimbi, hata akaacha kuijali. Siku moja jioni, jua bado lipo, Gladys alitaka madafu. Ziro alimtazama baba yake. Chengo, aliyekuwa kitako chini ya mnazi akikaza kamba za kizimba cha kaa, alimaliza fundo moja.

"Panda," akasema.

Kijana akapanda. Jikoni, bibi Kadzo alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi, kru, kru, kru. Ziro alifika kwenye kile kidato ambacho juu yake mtu huanza kuona mabafu ya majirani. Akasimama kama desturi inavyotaka, akavuta pumzi.

"Mnazini kuna mtuuu!"

Kamba ilimponyoka Chengo. Haikuwa sauti ya kufanana. Wale wanaofanana sauti unawajua, unasema huyu na baba yake, unaendelea na kazi. Hii ilikuwa ni ya mzee Ziro yenyewe, nzima, na ule mvuto wake wa mwisho na ule mkwaruzo mdogo kabla ya "mtu" ambao Chengo hakujua kwamba aliwahi kuujua. Ilipita juu ya paa, ikapita juu ya mikoko, ikaenda zake.

"Tazama nazi wewe, Ziro, usitazame watu!" alijibu bibi Kadzo kutoka jikoni.

Kisha mbuzi ikanyamaza.

Bibi alijitokeza mlangoni, kifuu bado mkononi, chicha imemganda vidoleni. Mjibizano huo hakumpa mgema yeyote tangu mumewe alipozikwa, na ulimtoka kabla hajawaza. Alitazama juu ya mnazi. "Mulungu wangu," alisema polepole. Gladys alikuwa amekuja nyuma yake.

Chengo aliitafuta ile ko, ko, ko. Aliitafuta kwa makusudi, kama mtu anayebonyeza jino kuona kama bado linauma, asiione. Mahali pake palikuwa na baba yake akimwagiza alete kibuyu, baba yake akimgombeza kwa kumwaga tembo, baba yake akicheka mpaka akakohoa, na kila mmoja wao alikuwa na sauti. Kitu kile alichokimulika kwa tochi kila asubuhi, akitaka kukiona ili akitoe, kumbe kilikuwa ni sauti hii, ikimrudia. Alilia wazi, hakujificha uso.

"Baba!" aliita.

Kule juu kijana akainama kutazama chini. Makuti yakatikisika.

"Naam, baba?"

Chengo alifuta uso kwa mkono. Neno ambalo mzee alikufa nalo hatalijua kamwe, na kwa mara ya kwanza halikumuuma.

"Sema tena."

"Niseme aaa?"

"La, baba. Lile la mnazini."

Ziro akalikumbatia shina, akajaza kifua, akapiga ukelele. Na ng'ambo ya hori, watu wakajistiri bure.